Uzi Kwenye Kikombe

Kwetu kitu chenye uhai hakihesabiwi. Ukimwuliza baba yangu ana ng'ombe wangapi, atakwambia ana wekundu, ana wa madoa, ana yule aliyevunjika pembe. Jioni wakiingia zizini anatazama tu, na papo hapo anajua nani hayupo. Watoto vilevile. Mgeni akisema, "Mzee Hirbo, una watoto wangapi?" baba hujibu, "Wako, alhamdulillahi," na maneno yakaishia hapo. Nambari huita jicho baya.

Mimi nilikwenda shule mpaka darasa la nane, kisha nikarudi nyumbani kukamua. Mengi ya shule yamenitoka. Lakini siku moja mwalimu Kenga alifunga kitabu cha hesabu, akatoa shilingi mfukoni, upande mmoja picha na upande wa pili ngao, na kuirusha. Ikatoka picha. Akairusha tena, picha. Mara nne, zote picha. Akatuuliza, sasa itatoka nini? Darasa zima tukapiga kelele, "Ngao! Ngao!" kwa sababu tuliona zamu yake imefika. Mwalimu akacheka. "Hii shilingi haijui kama imewahi kurushwa," akasema. "Kila mara kwake ni mara ya kwanza." Akairusha juu sana, ikaangukia chini ya dawati la Nimo, na kengele ikalia kabla hatujaona imelala vipi.

Nililikumbuka jambo hilo mwaka wa El Nino.

Maji yalipokuja, mto ulipotea ndani ya maji yake mwenyewe. Barabara ya Garsen ilikatika kotekote, na sisi tukahamia kwenye mwinuko mmoja, boma kadhaa pamoja, na mifugo iliyobaki. Ng'ombe walisimama kwenye tope mpaka kwato zikalainika. Mbu walikuwa hawangoji jua lizame. Kisha kondoo na mbuzi wakaanza kutupa mimba, mmoja leo, kesho zizi zima, na wakubwa nao wakawa wanaanguka.

Mnyama akikata roho mwenyewe ni mzoga, haliwi. Kwa hiyo anayeonekana anakwisha anawahiwa kisu. Mwenye mkono mwepesi wa kisu kwetu alikuwa kaka yangu Mohamed. Waliita, "Mohamed, kimbia!" naye alikimbia, akasema Bismillahi, akachinja. Ndiye pia aliyekuwa akivuta wanakondoo waliofia tumboni. Alirudi mikono ina damu mpaka kwenye viwiko, na mama yetu Sabdio alimmwagia maji akimgombeza kwamba anaharibu shuka zote za nyumba.

"Mama, damu ya halali hiyo," Mohamed alisema.

"Halali yako haitoki kwa sabuni."

Homa ilipoanza kwa watu, tulidhani ni malaria. Kichwa, mgongo, macho mekundu. Siku moja alikuja nesi Tuneya kwenye mtumbwi wa Kuno. Huyu Kuno ni Mpokomo wa Golbanti. Shamba lake la mahindi lilikuwa limezama lote, akawa sasa anavusha watu. Nesi alikuwa na dawa chache na maneno mengi. Alituambia tusiguse damu ya mnyama, tusichune, tusile mzoga wala kilichowahiwa kisu. Alituambia kila mgonjwa afungiwe uzi kwenye kikombe chake, wengine wasikinywee, na akipona uzi ufunguliwe.

Wazee wakamwuliza kama ugonjwa huu unaua.

"Wengi wanapona," nesi akasema. "Wengi sana. Lakini mkiona damu kwenye fizi, au puani, au chooni, msikae hapa mkasema wengi wanapona. Hao wengi ni wengine. Huyo wa damu mleteni Garsen."

"Garsen kuna dawa yake?"

"Dawa yake yenyewe hakuna. Kuna maji ya mshipa. Kuna namna ya kuomba ndege impeleke mbele. Ni afadhali kuliko hapa."

Akaondoka. Wazee wakashika neno moja katika yale yote: wengi wanapona. Lilikuwa neno tamu na lilikuwa la kweli. Mtu akiugua, watu waliingia, wakamtazama, wakasema, "Wengi wanapona," wakatoka.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiosha vikombe. Sikuhesabu watu, Mungu ni shahidi yangu. Nilihesabu nyuzi, na uzi hauna uhai. Nyuzi nilizofunga zilifika ishirini. Nyingine nilizifungua mwenyewe, mtu amesimama mbele yangu anadai kikombe chake. Viwili vilibaki na uzi wake, na wenyewe tuliwazika pale kwenye ardhi kavu nyuma ya zizi. Wawili katika ishirini. Ukisikia hivyo, unalala.

Lakini nilikuwa nimeona jambo jingine, kwa sababu mwosha vikombe huona kilichobaki ndani. Vikombe vinne tu katika hivyo ishirini ndivyo vilivyowahi kurudi na wekundu kwenye ukingo. Na wale wawili tuliowazika walikuwa katika hao wanne.

Kisha Mohamed akalala.

"Uzi wangu uwe mwekundu," aliniambia, akitetemeka mpaka meno yanagongana. "Nisije nikachanganywa na wazee."

"Huna adabu hata ukiwa mgonjwa."

"Nikipata adabu ndipo uogope."

Nikachomoa uzi kwenye pindo la leso ya mama, nikamfungia. Homa ilimchoma, ikamlegeza, na baadaye ikashuka yenyewe kama ilivyowashukia wengine. Akakaa. Akataka maziwa, na kwa vile ni mgonjwa hakuwa amefunga, ingawa Ramadhani ilikuwa imeingia. Akacheka na mama. Baba alikwenda kuwaambia majirani kwamba mwanawe amepona.

Nilipokea kikombe. Maziwa yaliyobaki yalikuwa na rangi ya waridi.

Nilimtazama. Alikuwa bado anacheka kitu alichokisema mama, na katikati ya meno ya mbele palikuwa na mstari mwembamba wa damu. Yeye hakujua. Nilikitia kikombe majivu, nikaenda kumtafuta baba.

"Aba, Mohamed anatoka damu kwenye fizi."

"Amecheka sasa hivi. Nimemsikia."

"Amecheka, ndipo nikaiona."

"Wengi wanapona, Abdia. Wewe umekaa na wagonjwa hawa wote, hujaona?"

"Nimeona. Lakini walioonyesha damu walikuwa wanne, na wawili wamekufa. Hao si wengi, Aba. Ni nusu."

Alinigeukia. "Umewahesabu watu?"

"Nimehesabu nyuzi za vikombe."

Nilidhani atanipiga, na hajawahi kunipiga. Alikaa chini, akachukua kijiti, akakichoma kwenye tope na kukichomoa, akakichoma na kukichomoa. Baba yangu si mjinga. Hugawanya ng'ombe wake kila kiangazi, hawa huku na wale kwa rafiki yake wa mbali, kwa sababu anajua balaa huwa haipigi pande zote pamoja. Hiyo nayo ni hesabu, ila haina nambari.

"Sawa, mwanangu," akasema mwishowe. "Nusu. Basi niambie. Mohamed yuko katika nusu ipi?"

Jibu lake mpaka leo nalitafuta. Naweza kukwambia juu ya wanne, juu ya ishirini, na ungeniletea wengi zaidi ningekwambia vizuri zaidi. Lakini alikuwa mmoja, na mmoja hafi nusu.

"Sijui, Aba. Najua tu kwamba hapa hana kitu. Kule ana kitu kidogo."

Kuno alikuwa amelala kwetu usiku huo, mtumbwi wake umefungwa kwenye mti wa mkoma uliobaki nusu ndani ya maji. Alfajiri baba alimwendea, nami nikafuata nyuma na birika la chai kwa ajili ya huyo Mkristo asiyefunga.

"Kuno, nataka ukweli," baba akasema. "Ukivuka kwenda Garsen na mgonjwa aliyelala, utafika?"

"Mzee Hirbo, leo umenijia mimi na ukweli? Mwaka jana ulinijia na ng'ombe ndani ya mahindi yangu."

"Mahindi yako sasa wanakula kambale. Nijibu."

Kuno akacheka, akapokea chai. "Tukiondoka sasa hivi, kabla upepo haujaamka, nikivuka mara kumi nafika mara kumi. Pale mkondo wenyewe unapopita ndipo pabaya, na asubuhi pamelala. Jua likipanda, upepo unakutana na mkondo. Hapo mara kumi nafika sita, saba."

"Na zile nyingine?"

"Zile nyingine naogelea."

Hakuna aliyecheka. Wote tulitazama upande aliolala Mohamed.

"Basi sasa hivi," Kuno akasema, "na mtu mmoja tu wa kumshika."

"Mimi nitamshika," baba akasema. "Lakini kwanza sadaka."

Nilijua atasema hivyo. Baba hajawahi kumtoa mtu wa nyumba yake safari ya hatari bila kuchinja, na nyama lazima ifike kila nyumba kabla msafiri hajaondoka, kila nyumba, ili dua za kila nyumba ziondoke naye. Alipompeleka mama akajifungue, alifanya hivyo. Alipopeleka ng'ombe ng'ambo mwaka wa kiangazi kikubwa, alifanya hivyo, na walirudi.

"Aba, nesi alisema tusiguse damu."

"Alisema ya wanyama wagonjwa. Huyu mzima."

Alikuwa kondoo mweupe mwenye kichwa cheusi, mnene, macho makavu. Kweli alionekana mzima. Hata Mohamed alikuwa ameonekana mzima jana.

Kwa kuwa Mohamed ndiye aliyekuwa mchinjaji wetu, kisu kilikuwa hakijanolewa. Baba alikinoa. Wazee wakaitwa, na mzee mmoja alikuwa hajamaliza kutawadha. Kondoo akachinjwa, baba mwenyewe amemkamata shingo, damu ikamrukia mpaka kifuani. Akachunwa. Nyama ikagawanywa, na kwa sababu ya saumu hakuna aliyeionja, ilikuwa ni kugawa tu, fungu hapa, fungu pale, na kila nyumba ikainua mikono na kuomba dua ndefu kwa huruma, kwa maana kila mmoja alimpenda Mohamed.

Mimi nilikuwa natazama mikoma. Vichwa vyake vilikuwa vimetoka juu ya maji, na kuanzia alfajiri majani yake hayakutikisika. Kuno naye, ameketi ndani ya mtumbwi na pondo lake la kusukumia mapajani, alikuwa akiitazama. Jani moja la juu likatikisika, likatulia. Baadaye yakatikisika mawili.

Nikamwendea baba kwenye ngozi ya kondoo alipokuwa akigawa nyama. "Aba, upepo."

"Nauona."

"Nyumba zilizobaki nitazipelekea mimi. Nendeni."

"Nyumba zilizobaki zikikosa, nimemkosea nani? Mtoto wangu." Akanipa fungu. "Kimbia, basi, kama unataka kusaidia."

Nikakimbia kwenye tope na nyama mikononi, na kila nilipofika walinishika mkono nisiondoke kabla ya dua kwisha. Ningefanya nini? Kumkatiza mtu anayemwombea ndugu yako? Nilisimama, nikasema amina, na nyuma ya mgongo wangu nilisikia majani ya mikoma yakisuguana.

Tulipomleta Mohamed majini, jua lilikuwa juu na maji yamepata makunyanzi.

"Mzee," Kuno akasema, "hesabu niliyokupa ilikuwa ya asubuhi."

"Mungu ana hesabu yake."

"Yeye anayo. Mimi nina hii ya mtumbwi." Alitema mate pembeni. "Tungoje kesho alfajiri."

Baba akanitazama mimi. Mbele ya wanaume wote, mimi msichana. "Abdia?"

Nikamwangalia Mohamed. Pamba niliyokuwa nimempa tangu alfajiri aibane kwenye fizi ilikuwa imeloa, na sasa pua nayo ilikuwa imeanza. Kungoja kulikuwa na hatari yake, na kwenda kulikuwa na yake, na nilijaribu kuziweka mbili pamoja kama nilivyofundishwa. Sikuweza. Ya maji nilikuwa nimepewa nambari. Ya kungoja siku moja ndipo apelekwe hakuna aliyewahi kunipa, kwa maana wale wanne hawakupelekwa popote, wote walibaki hapa.

"Sioni kama atafika kesho," nikasema.

Wakampakia. Mohamed alifumbua macho, akaona ninavyomkunjia shuka miguuni.

"Mbona una adabu leo?" akaniuliza. Sauti ilikuwa kama ya mtu mzee.

Nikamaliza kukunja shuka. Mtumbwi ukaondoka, Kuno amesimama na pondo, baba amekaa na kichwa cha mwanawe mapajani, ukapita katikati ya vichwa vya mikoma mpaka tukaona mgongo wa Kuno tu, na baadaye hata huo hatukuuona.

Alasiri mawingu yaliachana, na ndege ya chakula ikapita juu yetu chini kabisa. Mama alitoka mbio akiipungia leso. "Lau tungengoja!" akalia. "Lau tungengoja kidogo!" Ndege haikutua, ilidondosha magunia mbali upande wa pili ikaenda zake. Lakini mama aliendelea kusema lau tungengoja, nami nikamwacha. Kila mmoja alikuwa na lau yake. Yangu ilikuwa ya kondoo.

Kuno alirudi kesho yake peke yake. Nilimwona kwa mbali na nikajua, kwa sababu Kuno mwenye habari njema huanza kupiga kelele kabla hajafika.

"Tulifika," aliniambia, anafunga kamba. Mikono yake ilikuwa imechubuka. "Pale kwenye mkondo upepo ulitupiga, maji yakaingia, tukashikilia mti. Tulikaa pale muda mrefu sana. Baba yako alikuwa anachota maji kwa kofia yake na mkono mmoja, mkono mwingine hakumwachia mtoto. Lakini tulifika, Abdia. Mohamed alikuwa hai. Walimpokea, wakamtia maji ya mshipa."

"Kisha?"

"Kisha jua likatua, naye akaondoka nalo."

Nikamwuliza nesi alisema nini.

"Alisema tungefika mapema, huenda ingekuwa vingine." Kuno alifuta uso kwa mkono. "Nami nikamwuliza, huenda ngapi? Akasema, huenda tu."

Walimzika Garsen. Baba alirudi maji yalipoanza kupungua, amekonda, mkononi ana zile shuka. Hakusema neno juu ya kondoo, wala juu ya upepo, wala mimi sikusema. Aliniomba kikombe cha Mohamed. Nikampa. Alikigeuza geuza, akaushika ule uzi mwekundu kwa kidole, akanirudishia bila kuufungua.

Siku ya pili hakwenda zizini. Akasema mgongo unauma, ni kule kukaa kwenye mtumbwi. Mama alimtazama macho, kisha akanitazama mimi. Macho ya baba yalikuwa mekundu.

"Amelia," mama akasema haraka. "Baba yako amelia sana."

Nikachukua kikombe cha baba, kile cha bati chenye bonde ubavuni, nikachomoa uzi kwenye pindo la leso yangu. Mama akanishika mkono.

"Si sisi, Abdia. Nyumba hii imeshatoa wake. Mungu hachukui mara mbili mlango mmoja, na kuna nyumba hapa hazijatoa hata mmoja. Si zamu yetu."

Nilisikia darasa zima likipiga kelele, ngao, ngao. Niliiona ile shilingi ikizunguka juu.

"Wengi wanapona, mama," nikasema.

"Wangapi?"

Mama yangu, ambaye hajawahi kunitajia idadi ya watoto aliozaa, alisimama pale ananingojea nimpe nambari, na mkono wake ulikuwa bado umenishika.

"Wengi," nikarudia.

Akaniachia. Nikafunga uzi, nikatia maziwa, nikampelekea baba. Alijiinua kwa kiwiko, akaona uzi, akajaribu kutabasamu kwa ajili yangu.

"Umenihesabu na mimi?"

"Kunywa, Aba."

Akanywa polepole, mpaka mwisho, kama mtu anayetaka kunifurahisha. Nilipiga magoti karibu naye na mkono wangu umenyooka, ninangoja anirudishie kikombe.